Taa za nyuma zinasumbua? Jinsi ya kutafuta tatizo na kulitengeneza, hatua kwa hatua

Wiki ya kwanza ya mvua, dereva mmoja wa mchomoko (gari dogo la abiria) wa Kasulu alisimamisha Probox yake mbele ya kibanda changu hapa Gungu, Kigoma, akanimwagia balbu sita mkononi. "Fundi, hizi zote nimezitoa tangu mwezi wa saba, na taa ya breki ya kushoto bado inanisumbua." Nikazijaribu moja moja kwenye betri. Tano zilikuwa nzima.

Tulipofunua kapeti la buti, upande wa kushoto kulikuwa na boliti ya ethi, ile inayorudisha umeme wa taa kwenye bodi, imevaa ukoko mweupe uliochanganyika na kijani. Gari lile lilikuwa likibeba viroba vya chumvi kutoka Uvinza, chumvi inaloa, inakauka, inaloa tena, na kila safari inakula chuma na shaba. Spana namba 10, kipande cha msasa, dakika ishirini. Taa ikawaka kama mpya na balbu ile ile ya zamani.

Naandika mwongozo huu kwa sababu gari kama lile naliona kila mwezi. Umeme wa taa una njia mbili: unakuja kutoka kwenye fyuzi na swichi, kisha unarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Watu wengi wanashughulika na njia ya kuja tu. Kwa magari ya huku kwetu, yanayobeba chumvi, samaki aina ya migebuka wenye barafu na madumu ya mawese, mimi nakuta ugonjwa kwenye njia ya kurudi mara nyingi kuliko kwenye balbu. Na jambo hili si la kuchezea. Anayekufuata kwa kilomita 80 kwa saa anakata meta 22 kila sekunde. Akichelewa sekunde moja kujua kwamba umeshika breki, hizo meta 22 zimeshaliwa.

Vifaa

Huhitaji gereji. Tafuta bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 8 na 10, msasa laini, tepu ya umeme, waya wa meta tano hivi wenye vibanio ncha zote mbili, na multimita (kipima umeme) ya bei ya kawaida. Testa, yaani taa ya kujua kama umeme upo, unaweza kujitengenezea: chukua balbu ndogo ya wati 5, ile ya taa ya namba, iunganishe na waya mbili kwa lehemu. Testa ya balbu naipenda kuliko ile ya taa ya LED, kwa sababu balbu inavuta umeme wa kweli. Waya uliobaki na uzi mmoja tu ndani utawasha LED vizuri kabisa na kukudanganya. Onyo moja: usichome testa ya balbu kwenye waya za njano za mifuko ya hewa, zile za chini ya usukani na chini ya viti. Hizo ziache.

Kwanza tazama, usifungue kitu

Mwombe mtu akusaidie, au kama uko peke yako rudisha gari karibu na ukuta jioni usome mwanga kwenye ukuta. Washa kwa mpangilio huu: taa ndogo, kisha zima na ukanyage breki, kisha indiketa ya kushoto, ya kulia, hazadi, halafu rivasi ufunguo ukiwa umewashwa. Andika kwenye karatasi kila ulichoona, hata kama unajiamini. Mtu akishafungua taa moja anasahau nyingine zilikuwa zikifanya nini.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Washa taa ndogo, kanyaga breki na weka indiketa, vyote kwa pamoja, kila upande kwa zamu yake. Taa nzima inafanya kazi zote tatu bila kuyumba. Taa yenye ethi mbovu inajisema yenyewe hapo: ukikanyaga breki taa ndogo inafifia, au indiketa inapopiga taa ya breki nayo inapigapiga, au unakanyaga breki taa zikiwa zimezimwa na unaona dashibodi inang'aa kidogo. Umeme umekosa njia ya kurudi hapo kwenye taa, basi unapita kwenye uzi wa balbu nyingine kutafuta njia. Ukiona dalili kama hizo ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya ethi hapa chini.

Dalili nyingine zinasomeka hivi. Taa moja tu imekufa na ya upande wa pili ni nzima: balbu, holda (kishikio cha balbu), au waya wa upande huo. Taa za breki zote zimekufa kwa pamoja pamoja na ile ya juu katikati: fyuzi au swichi ya pedali. Taa ndogo za nyuma zote na taa ya namba zimekufa lakini breki zinawaka: fyuzi ya taa ndogo. Taa za breki haziwaki lakini hazadi zinapiga kama kawaida: betri iko sawa, usihangaike nayo.

Balbu na holda

Kwenye magari madogo mengi unafungua skrubu mbili zinazoonekana ukiinua mlango wa nyuma, unavuta taa nzima kuelekea nyuma polepole kwa sababu upande wa pili imeshikwa na vidole vya plastiki. Ukiivuta kwa hasira unavunja vidole hivyo, na taa itakuwa inacheza maisha yake yote. Ndani unazungusha holda robo mzunguko inatoka na balbu yake.

Balbu ya kawaida ya taa ndogo na breki ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ndogo. Iinue kwenye mwanga. Uzi uliokatika unaonekana, na kioo kilichopiga weusi kwa ndani maana yake balbu imechoka hata kama bado inawaka. Usiamini macho peke yake, iunganishe na betri au pima kwa multimita upande wa omu: uzi mzima unatoa namba ndogo, uliokatika hautoi kitu.

Wakati wa kurudisha balbu ya duara yenye pini mbili ubavuni, angalia pini zile haziko kwenye kimo kimoja. Moja iko juu zaidi. Zimewekwa hivyo makusudi ili balbu isiingie kinyume. Nimeona mtu ameisukuma kwa nguvu hadi ikaingia upande usio wake, na gari likawa, ukiwasha taa ndogo, zinawaka kwa nguvu kama za breki, na mchana ukikanyaga breki zinawaka hafifu. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa anasoma ishara kinyume kabisa. Na usiweke balbu ya uzi mmoja wa wati 21 kwenye nafasi ya wati 5. Joto lake linayeyusha holda na kuipikapika lenzi.

Sasa tazama holda yenyewe. Vile vibati vya shaba ndani yake vinatakiwa ving'ae na viwe na msukumo. Vikiwa vya kijani, vikwangue kwa msasa uliokunjwa au kwa kijiti cha chuma chembamba. Vikiwa vimelala, vinyanyue kidogo kwa ncha ya bisibisi. Plastiki ikiwa imekuwa kahawia na imelainika pembeni ya kibati, badilisha holda, kwa sababu hapo palikuwa panapata moto na patapata tena.

Fyuzi

Kisanduku cha fyuzi huwa chini ya dashibodi upande wa dereva au ndani ya boneti, na kifuniko chake kina mchoro. Kwenye Toyota tafuta iliyoandikwa STOP kwa breki na TAIL kwa taa ndogo. Usiichomoe kwanza. Funga testa kwenye chuma safi cha bodi, gusa vile vitundu viwili mgongoni mwa fyuzi. Testa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja, imekatika. Isipowaka kote, umeme haufiki hapo: kwa taa ndogo hakikisha kwanza swichi imewashwa.

Badilisha kwa namba ile ile. Ya 10 ni nyekundu, ya 15 ni buluu, ya 20 ni njano. Tafadhali, usifunge waya wa shaba wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, hata kama ni kwa kufika nyumbani tu. Fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili waya usiungue. Ukiiondolea kazi hiyo, kitakachoungua ni waya unaopita chini ya kapeti, na kwenye buti la gari la huku chini ya kapeti hilo kuna mawese yaliyomwagika.

Swichi ya breki

Piga magoti upande wa dereva, angalia juu ya mkono wa pedali ya breki. Utaona swichi ndogo yenye soketi. Pedali ikiwa juu inaibana, ukikanyaga inaiachia na umeme unapita. Kwenye magari mengi inafanya kazi hata bila ufunguo.

Choma testa kwenye waya mbili za swichi. Mmoja uwe na umeme wakati wote, wa pili upate umeme pedali ikikanyagwa. Ukiwa na umeme wa kuingia na hakuna wa kutoka, swichi imekufa. Kuthibitisha, chomoa soketi na uunganishe matundu hayo mawili kwa kipande kifupi cha waya, taa za breki zikiwaka jibu umelipata. Soketi ikiwa na waya nne, tumia zile ulizozipima tu, nyingine ni za mambo mengine ya gari.

Tatizo la kinyume, taa za breki zisizozima, kwa kawaida si swichi. Kwenye mkono wa pedali kuna kidude kidogo cha plastiki au mpira kinachobana ncha ya swichi. Kinazeeka, kinakuwa kama biskuti, kinavunjika, na ncha ya swichi inapita kwenye tundu lake bila kubanwa. Asubuhi unakuta betri imelala na vipande viko kwenye kapeti la miguuni. Kikikosekana dukani, boliti fupi yenye kichwa bapa na nati kwenye tundu lile inafanya kazi miaka.

Ethi

Hapa ndipo nataka utulie.

Fuata waya unaotoka kwenye soketi ya taa kuelekea bodi. Kwenye Toyota nyingi waya wa ethi ni mweupe wenye mstari mweusi. Unaishia kwenye boliti iliyofungwa kwenye bati, mara nyingi nyuma ya plastiki ya pembeni ya buti au chini ya kapeti, mahali pale pale ambapo maji ya samaki yanatuama. Mgebuka uliopakiwa na barafu kwenye mwalo wa Kibirizi unapofika Kasulu barafu nusu imeshayeyuka, na yale maji yanatafuta pa chini. Mawese nayo yana ubaya wake: yanalegeza gundi ya tepu, tepu inafunguka, halafu vumbi jekundu linanata humo na kushika unyevu.

Jaribio la haraka ni hili. Funga kibanio kimoja cha waya wako mrefu kwenye chuma safi cha bodi ulichokikwangua, kingine kiguse ncha ya ethi ya holda, breki ikiwa imekanyagwa. Taa ikichangamka ghafla, umeupata ugonjwa.

Jaribio la uhakika linahitaji multimita. Iweke kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iunganishe na kichwa cha hasi cha betri kupitia waya mrefu, nyekundu iguse ethi ya holda, taa ikiwa imewashwa. Lazima iwe imewashwa. Taa ikiwa imezimwa hakuna umeme unaopita na kipimo kitakuonyesha sifuri kwenye ethi mbovu kuliko zote. Ukisoma 0.1 au 0.2, ethi ni safi. Ukisoma 0.5, kutu imeanza. Ukisoma volti mbili tatu, umeme huo wote unapotelea kwenye boliti, balbu haiupati. Hasara yake ni kubwa kuliko namba inavyoonyesha: balbu ya volti 12 ikipewa 9 inatoa chini ya nusu ya mwanga wake. Dereva anaangalia nyuma, anaona nyekundu, anasema inawaka. Lakini aliye meta hamsini nyuma, kwenye vumbi la lori, haioni.

Kutengeneza: toa kwanza waya wa hasi wa betri. Fungua boliti, ikigoma ipulizie mafuta ya kulainisha na usubiri, usiikate. Kwangua macho yote mawili, kile kibati cha duara cha waya na bati la bodi, mpaka uone chuma cheupe. Rangi ikibaki chini ya kibati hujafanya kitu. Boliti nayo isugue nyuzi zake. Kaza, kisha juu yake paka grisi au rangi ili maji yasirudi. Kama tundu limeoza na boliti haishiki, hamishia ethi mahali papya, lakini kabla ya kutoboa lala chini ya gari utazame upande wa pili. Tangi la mafuta na mabomba yake viko maeneo hayo hayo.

Usifanye kile ninachokiona kwenye magari mengi, waya mpya mwembamba uliokunjwa chini ya skrubu ya plastiki. Utafanya kazi wiki mbili.

Waya zinazopita kwenye mlango wa nyuma

Taa ya namba, taa ya breki ya juu, na kwenye Noah au Hiace taa nyingine zaidi, zinapata umeme kupitia mpira uliokunjika kati ya bodi na mlango. Kila ukifungua na kufunga mlango waya zinakunjwa. Baada ya miaka mingi ya kupakia na kupakua zinakatika ndani ya plastiki yake huku kwa nje ukiziona nzima. Dalili yake ni taa inayokuja na kuondoka kulingana na mlango ulipo.

Vuta mpira kutoka kwenye tundu lake, shika kila waya uuvute taratibu. Uliokatika ndani unanyumbuka kama mpira, mzima unakataa. Usiunganishe kwa kusokota na tepu. Ongeza kipande kipya cha waya wa unene ule ule kiwe kirefu kidogo, unga kwa lehemu, funika kwa mpira wa kubana kwa joto, na viungio usiviweke mstari mmoja, kimoja kiwe mbele kingine nyuma, vyote nje ya sehemu inayokunjika. Ukiweka kiungio pale penye mkunjo kitakatika kando ya lehemu.

Fyuzi inayokatika kila ukiibadilisha

Hii inamaliza hela za watu, pakiti nzima ya fyuzi inaisha siku moja. Tumia balbu badala ya fyuzi. Chomoa fyuzi iliyokatika, chomoa balbu za nyuma zote za njia hiyo, kisha unganisha balbu ya wati 21 kwenye vishikio viwili vya fyuzi kwa waya mbili. Kama kuna shoti, yaani waya wa umeme unagusa bodi, balbu hiyo itawaka kwa nguvu zote badala ya fyuzi kuungua, na inaweza kuwaka muda wote unaotafuta. Sasa tembea na waya: tikisa mpira wa mlango, inua kapeti, sogeza waya uliopita karibu na bawaba ya kiti, chomoa soketi ya taa ya kushoto, kisha ya kulia. Sehemu utakayoigusa balbu ikazima, shoti iko hapo. Mara nyingi utakuta waya umebanwa na skrubu ya spika au ya kapeti, au mtu aliunga redio kwenye njia ya taa ndogo.

Indiketa, rivasi na taa ya namba

Indiketa inayopiga haraka haraka upande mmoja inakuambia balbu moja ya upande huo imekufa, au holda yake haigusi. Kama ulibadilisha ukaweka za LED na ikaanza hapo hapo, flasha (kidude kinachopigisha indiketa) inaona mzigo mdogo na kudhani balbu imeungua. Weka flasha ya LED inayolingana na gari, hiyo ndiyo njia safi.

Rivasi ikikufa pande zote mbili na fyuzi ni nzima, swichi yake iko kwenye giaboksi. Kwa gari la gia za mkono imefungwa kama boliti yenye soketi, ichomoe na uunganishe ncha mbili za soketi, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa zikiwaka, nunua swichi.

Taa ya namba ni wati 5 tu na kutu ndiyo adui yake mkubwa. Dakika tano inatosha.

LED, lenzi na maji

Balbu za LED sizikatai, ila ndani ya lenzi nyekundu weka LED nyekundu, nyeupe inatoa rangi ya waridi iliyofifia. Na plastiki nyeusi ya kupamba taa za nyuma ibandue. Nasema hivi kwa moyo wote, hasa kwa magari ya abiria.

Maji ndani ya taa hayataondoka kwa kusubiri jua. Toa taa, ikaushe, tafuta mpira wa nyuma ulipokatika au ufa kwenye lenzi, ziba kwa silikoni, na kabla ya kuirudisha hakikisha vitundu vya kupumulia vilivyo chini ya taa havijazibwa na matope. Vikizibwa, unyevu unabaki ndani hata kama umeziba kila kitu.

Kwa malori kumbuka mengi ni ya volti 24, balbu ya gari dogo itaungua mara moja. Njia ya kutafuta ni ile ile.

Ukimaliza, rudia karatasi yako ya mwanzo giza likiingia, taa zote tatu kwa pamoja, kushoto na kulia, huku msaidizi amesimama hatua hamsini nyuma ya gari. Yule dereva wa Kasulu nilimtuma mwenyewe akasimame huko wakati mimi nakanyaga breki. Alirudi akaniuliza, "Fundi, miezi yote hii walikuwa hawanioni?" Kesho yake alileta turubai nene la kutandika chini ya chumvi.